Taa ya kuwaka muda wote kwa picha za watu, bajeti laki tatu: nichukue ipi?

kijana_tabata

Wakuu habari za jioni. Nina Canon 700D na lenzi ya 50mm f/1.8, napiga picha za watu kama hobi tu, ndugu, majirani, wanakwaya wenzangu. Studio sina, nina sebule ya kupanga ambayo nikisogeza makochi napata kama mita tatu na nusu kwa nne hivi. Mchana napigia dirishani na zinatoka poa kabisa, shida natoka kazini saa kumi na mbili na ndo muda watu wanapatikana, jua limeshaenda zake. Nikiwasha taa ya sebuleni, ile ya katikati juu, mtu anatoka macho yamezama, pua ina kivuli mpaka mdomoni, alafu sura ina kijanikijani flani ambacho hata nikiediti hakiishi vizuri.

Nataka taa ya kuwaka muda wote, sio flashi, napenda kuona mwanga unaangukaje kabla sijabonyeza. Bajeti laki tatu, nikijibana sana tatu na nusu, na stendi iwe humohumo. Kariakoo nimeonyeshwa ring light ya inchi 18, na seti ya softiboksi mbili (yale maboksi ya kitambaa ya kulainisha mwanga) za sentimita 50 kwa 70 zenye zile balbu za mrija uliojisokota, kila moja imeandikwa wati 135. Alafu kuna jamaa anauza Godox SL60W iliyotumika, taa ya LED tupu na rifleka yake (lile bakuli la kuelekeza mwanga), softiboksi haina. Muuza duka anasisitiza seti kwa sababu "unapata mbili kwa bei ya moja". Niende na ipi? Na hizi ngozi zetu, maji ya kunde na weusi wa kukolea, zinatokaje kwenye hizo taa, maana kila video ninayoangalia wanampiga mzungu.

mama_studio_mza

Mdogo wangu, kama hiyo SL60W inawaka sawasawa chukua hiyo, na hela itakayobaki tafuta softiboksi moja kubwa yenye mdomo wa Bowens, ni aina ya kifungio kinachoingia kwenye taa nyingi. Mbili kwa bei ya moja ni hesabu ya muuza duka, sio ya mpiga picha. Uso wa mtu unahitaji taa moja nzuri na kitu cheupe upande wa pili.

Nianze na hiyo kijanikijani kwa kuwa ndo jibu la swali lako la ngozi pia. Kila taa ina alama inaitwa CRI, inaonyesha taa inatoa rangi kwa usahihi kiasi gani, mwisho ni 100. Balbu nyingi za LED za kawaida madukani zinacheza 80 hivi. Sasa mtu akisikia 80 anaona sio mbaya, ni kama mtihani umefaulu, ila hiyo alama wanaipata kwa wastani wa rangi nane tu na zote zimepooza, hakuna nyekundu iliyokolea hata moja. Nyekundu iliyokolea inapimwa pembeni, inaitwa R9, na balbu ya CRI 80 inaweza ikawa na R9 karibu na sifuri na bado boksi limeandikwa namba nzuri. Ngozi yetu ule uhai wake unatoka kwenye wekundu na udhahabu ulio chini ya weusi. Taa isiyo na nyekundu ikimpiga mtu mweusi anatoka ana rangi ya majivu, kama hajapaka mafuta wiki nzima, na huko kwenye kuediti ukisogeza waiti balansi (mizani ya weupe) unaondoa ukijani sawa lakini ule wekundu ambao taa haikuutoa hauwezi kuurudisha, sensa haikuupata. Unabaki unapaka rangi ya machungwa juu ya majivu.

SL60W imetangazwa kwa CRI ya 95 na kitu, rangi ya mwanga Kelvini 5600, karibu na jua la mchana, na kwa macho yangu ngozi inatoka sawa. Mimi wateja wangu ni weusi haswa, Wasukuma na Wakerewe, na ninayo moja kazini.

Ukienda kuiangalia usiiwashe dakika mbili ukalipa. Iache mpaka mwisho wa nguvu nusu saa huku mnapiga stori, usikilize feni. Feni ya hii taa ina kelele kiasi toka kiwandani, hilo sio ugonjwa, ila ikikwaruza au ikisimama kimbia, maana bila feni LED inajipika. Toa rifleka uangalie ile duara ya njano katikati (taa IMEZIMWA usije ukaumia macho), isiwe na doa jeusi. Zungusha kitufe cha kupunguza mwanga taratibu toka chini mpaka juu uone hairuki. Alafu jaribu kufunga na kufungua kile kitufe cha mdomoni kinachoshika rifleka, kikilegea softiboksi itakuwa inaanguka kichwani kwa watu.

Chuma_Ulete

Naona mnamtuma kijana kubaya. Kwa laki tatu unapata flashi, mfano Godox TT600 na triga yake ya kuifyatua kwa mbali na mwavuli mweupe na chenji ya nauli. Fanyeni hesabu basi. Taa ya wati 60 ukipiga kwa shata 1/125 ya sekunde inakupa nusu joule tu ya nishati ndani ya ule muda. Flashi ya juu ya kamera ukiifungulia yote ni kama joule 60. Hiyo ni zaidi ya mara mia! Ndo maana wenye flashi tunapiga f/8 (tundu dogo la lenzi) ISO 100 (usikivu mdogo wa kamera) na hakuna chenga, nyie mko f/2.8 mnabana pumzi. Na mtoto akikimbia flashi inamgandisha palepale.

mama_studio_mza

@Chuma_Ulete hesabu yako iko sawa sibishi, watoto wadogo mimi mwenyewe nawapiga kwa flashi. Ila ameshasema anataka kuona mwanga. Anayejifunza kwa flashi anapiga, anaangalia kioo, anasogeza, anapiga tena, na aliyekaa kwenye stuli anachoka. Kwa taa inayowaka unamzungusha mtu kichwa polepole unaona kabisa pale kivuli cha pua kinapokutana na kivuli cha shavu kikabaki kipembetatu cha mwanga chini ya jicho la upande wa giza, ile wanayoita Rembrandt. Ukishaiona kwa macho mara moja huisahau. Flashi atanunua mwakani.

Na kwa namba: hiyo taa ndani ya softiboksi ya sentimita 90 hivi, mita moja toka usoni, unapata kama ISO 400, f/2.8, 1/125. Kamera yako 700D hata ISO 800 inabeba vizuri. Nani anataka f/8 sebuleni? Hilo kabati la vyombo nyuma litaonekana mpaka vikombe.

otis_wa_eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Mimi sitaki kupinga wakubwa lakini nyinyi wote mmeanza na kununua, na huyu kijana anaweza anza leo usiku na elfu chache tu. Mimi nimepiga portrait za maboyz wa mtaa miaka na balbu za kawaida, hapa Luthuli Avenue ukizunguka duka kwa duka unapata balbu ya LED imeandikwa CRI 90 ama zaidi, ni chache lakini ziko, uliza warm ama daylight lakini usichanganye. Nachukua mbili tatu za wati 15, holda, natundika kwa kamba ya nguo, halafu mbele nashusha neti nyeupe ya mbu nimeikunja mara mbili, kubwa kama mlango. Neti inatawanya mwanga poa sana, na haikuli stima ya taa vile shuka inakula. Shuka ni sawa pia lakini iwe nyeupe pepe, ile cream itakupea watu wa manjano. Usiweke kitambaa kikigusa balbu tafadhali, hata LED hupata joto pale kwa shingo.

Mwanga ni kidogo, hiyo nakubali, utakuwa ISO 1600 na f/2, kwa hivyo mtu atulie.

Kitu ingine hakuna mtu amesema, zima taa zingine zote. ZOTE. Hiyo ya sebule juu, ya jikoni, na TV. Hiyo green yako nusu yake ni taa ya dari kuchanganyika na kitu ingine.

Na balbu za bei rahisi huwa zinapepesa, stima yetu ni 50Hz kwa hivyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini ukipiga 1/500 utapata picha moja iko na mistari ya giza na ingine haina. Kaa 1/100 ama 1/50 itapotea. Ukitaka kujua balbu kama inapepesa, ielekeze kamera ya simu kwa slow motion.

kijana_tabata

Aisee asanteni, @otis_wa_eastlands hiyo ya chandarua naijaribu leoleo, ninacho cha mgao kimekaa tu kabatini. Cha bluu lakini 😅

otis_wa_eastlands

Bluu wacha kabisa 😂 utapiga watu wako ndani ya bahari

Babu_Kamera

Assalaam aleikum. Nimewasoma nyote. Mimi niko Unguja, nimeanza kazi hii enzi ya filamu, taa zetu zilikuwa za wati 500 za waya, ukiwasha mbili chumbani bwana harusi anatoka jasho mpaka kola inalowa na poda ya bibi harusi inaanza kushuka. Nyinyi mna taa za baridi mnalalamika.

Mwanangu wa Tabata, wati acha kwanza. Chukua upana wa taa na masafa yake. Mwanga unakuwa laini kwa sababu chanzo chake ni kipana ukilinganisha na uso, si kwa sababu ni dhaifu. Softiboksi ya sentimita 90 ikiwa mita moja ni pana, ukiirudisha mita tatu imekuwa kitu kidogo na kivuli kinarudi kuwa kikali vilevile. Kwa hiyo isogeze karibu mpaka ukingo wake unakaribia kuingia kwenye picha, halafu punguza nguvu ikibidi. Watu wengi wanaogopa kusogeza.

Na kusogeza karibu kunakupa zawadi ya pili. Mwanga unapungua kwa mraba wa masafa, ukiongeza masafa mara mbili unabaki na robo. Sasa weka taa mita moja kutoka usoni, na mtu wako akae mita moja na nusu mbele ya ukuta. Ukuta upo mita mbili na nusu kutoka kwenye taa, zidisha mbili na nusu kwa mbili na nusu unapata sita na robo, yaani ukuta unapata sehemu moja tu kati ya sita za mwanga alioupata mtu. Ukuta wako mweupe wa sebuleni utatoka kijivu kizuri kilichotulia, hukununua kitambaa cha nyuma wala hukupaka rangi nyumba ya watu. Ukitaka mweusi zaidi msogeze mtu mbele zaidi, pamoja na taa yake. Chumba cha mita nne kinakutosha, na hiyo 50mm kwenye kamera yako inabana kama 80mm, ndiyo ya uso hasa.

Kuhusu weusi. Ngozi nyeusi unaipiga kwa kule inavyong'aa zaidi kuliko kwa kuimwagia mwanga. Taa pana, iweke ubavuni kidogo na juu ya macho, utaona mng'ao unapita kwenye paji, mfupa wa shavu, kidevu, umbo lote la uso linajichora. Ukimwekea taa mbele kwa mbele, kama hiyo ya duara uliyoonyeshwa, mng'ao unakaa katikati ya paji na puani tu na uso unakuwa bapa. Na usimpake mtu poda mpaka awe kama ukuta wa chokaa, panguza jasho basi. Kamera nayo ina tabia yake, ikiona uso mweusi umejaa kwenye fremu inadhani kuna giza inaongeza, uso unatoka umepauka. Akiwa mbele ya ukuta mweupe inafanya kinyume, inamzamisha. Weka mwenyewe kwa mkono, pima kwenye shavu, piga RAW, ile faili ghafi ya kamera.

Seydou Keïta wa Bamako picha zake nyingi alipigia uani kwa mwanga wa jua, vitenge vimetundikwa nyuma, na hizo picha leo ziko makumbusho ya dunia. Taa hakuwa nayo ya kutajika. Alijua tu amkalishe mtu wapi.

Chuma_Ulete

Shikamoo babu. Hapo kwenye mita mbili na nusu nimekubali, hata kwa flashi ni hivyohivyo. Ila bado nasema aje huku 😄

dada_lenzi

Naomba niulizie na mimi hapohapo, ring light kwani ina ubaya gani jamani? Mimi nafanya mekapu na picha zangu ni za ring light na wateja wanazipenda.

mama_studio_mza

Haina ubaya dada, kwa mekapu ndo kazi yake, inafuta vivuli ili rangi za macho zionekane pande zote sawa. Ubaya ni kama huyu akiinunua kuwa taa yake pekee, kila picha itakuwa na duara jeupe kwenye mboni na uso uleule bapa alioueleza babu. Inchi 18 ni sentimita 45 tu, sio pana. Ila ukiitoa mbele ukaiweka pembeni na kuiwekea kitambaa cheupe inakuwa taa ya kawaida tu, jaribu uone.

Na zile seti za softiboksi sijazimaliza. Hiyo 135 kwenye boksi mara nyingi ni "sawa na" balbu ya zamani, sio umeme inaokula kweli, geuza kitako cha balbu usome kilichoandikwa pale. Softiboksi zenyewe kitambaa chake sio kibaya lakini kishikio kina soketi ya balbu ya kawaida, kwa hiyo siku ukipata taa ya maana huwezi kuivalisha humo, unatupa. Bowens ukinunua leo utavalisha taa yoyote baadae, na hata flashi kubwa.

kijana_tabata

Nimetoka kuiona ile SL60W. Tumeiwasha nusu saa kama mama alivyosema, feni inavuma lakini haikwaruzi, duara safi, ila waya wake wa umeme umefungwa selotepu karibu na plagi, hapo nimeshusha bei kidogo akakubali. Nikitoa hela yake nabaki na kama elfu themanini. Softiboksi ya sentimita 95 ya pembe nane na stendi imara haviingii vyote humo, kimoja lazima kisubiri. Na swali la pili, umeme kwetu unakatika jioni haswa, kuna namna ya kuiwasha bila umeme? Na LUKU itakula sana?

mama_studio_mza

LUKU usiwaze, wati 60 ukiwasha masaa kumi mazima ni uniti 0.6, pasi inavuta wati nyingi zaidi ya hiyo taa. Waya nunua mpya leo, usipigie na wa selotepu.

Hela iweke kwenye STENDI. Ile taa na softiboksi mbele vinaelemea, stendi nyembamba za ring light zitapinda na itaangukia mtu, na miguu uiwekee mzigo, mfuko wa mchanga au hata dumu la lita tano la maji ulifunge chini. Softiboksi isubiri, kwa sasa chukua mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, bei yake ni ndogo na taa ina tundu la kuuchomeka. Ubaya wa mwavuli unamwaga mwanga chumba kizima, kuta zako nyeupe zitaurudisha na ule ukuta wa kijivu wa babu hautakolea sana, lakini uso utakuwa mzuri. Au geuza taa ipige neti ya Otis, nyeupe. Upande wa pili weka stairofomu nyeupe ya kwenye boksi la friji, ikaribie shavu mpaka kivuli kifunguke kiasi unachotaka. Ukitaka sura nzito zaidi toa stairofomu weka kanga nyeusi.

otis_wa_eastlands

Kwa stima kupotea: iko watu hutumia betri ya gari na inverter, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumba. Betri ya 12V 100Ah ina kama wati-saa 1200, usiimalize tumia nusu, taa inavuta kama 60 mpaka 75 na inverter inakula yake, kwa hivyo unapata kama masaa saba. Inverter za bei chini umeme wake si laini, taa inaweza piga kelele, jaribu kabla hujaita mtu. Kama kukosa stima ndio shida yako kubwa kabisa basi panel za LED kama Neewer 660 zinaingia betri mbili za kamera za video, zile NP-F, kubwa zinaeza kukupeleka karibu masaa mawili full power. Lakini betri nazo ni pesa, na panel pia utaiwekea neti, ile mwanga yake tupu ni kali.

kijana_tabata

Sawa nimeelewa, stendi na mwavuli na waya mpya kwanza. La mwisho wakuu, mchungaji wetu anavaa miwani na ndo wa kwanza kuniomba picha. Hapo na mwavuli mkubwa mita moja si nitapiga kioo kitupu?

Babu_Kamera

Pandisha taa juu zaidi ya ulivyozoea na uipeleke ubavuni, kisha mwambie ainamishe kidevu kidogo. Ikibaki, inua mikono ya miwani juu ya masikio kidogo tu, vioo vitaangalia chini na mwavuli utatoka humo. Unasimama pale kwenye kamera unatazama huku mtu anamsogezea taa, ukiona jicho lote ndiyo basi, piga.

Chuma_Ulete

Hapo kweli flashi ingemtesa.